Kamera Inayopima: Nani Huandika Kikomo?

Vitabu vingi vya historia ya kamera za dijitali huanza Oktoba 1969, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey. Huko Willard Boyle na George Smith walikaa kwa muda wa takribani saa moja, wakachora ubaoni chombo ambacho miaka arobaini baadaye kiliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni mwanzo mzuri kwa anayetaka kueleza picha za harusi na za simu. Kwa anayetaka kueleza kamera ya kiwandani, ile isiyompigia mtu picha ya ukumbusho bali hupima kipenyo cha kizibo, hukagua nyaya za chipu na kuhesabu chupa zinazopita kwenye mkanda, mwanzo huo umechelewa kwa zaidi ya nusu karne. Kamera iliingia kiwandani kupima kabla kompyuta hazijakuwapo, na kilichopimwa kwanza kilikuwa mwili wa mfanyakazi.

Agosti 1911, wasubu wa chuma katika karakana ya silaha ya serikali ya Marekani iliyoko Watertown, Massachusetts, waliweka zana chini wakatoka nje. Mwenzao mmoja alikuwa amesimamiwa na mtu mwenye saa ya kuhesabia sekunde, akakataa kupimwa, akafukuzwa kazi. Saa ile ilikuwa chombo cha mafundisho ya Frederick Winslow Taylor, aliyeamini kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora kuliko zote, na kwamba anayestahili kuijua njia hiyo ni meneja, si fundi. Mgomo haukudumu, lakini kishindo chake kilifika bungeni. Taylor aliitwa kuhojiwa, na kuanzia 1915 Bunge la Marekani likawa linapachika katika sheria za matumizi ya serikali sharti lililokataza fedha za umma kulipia upimaji wa wafanyakazi kwa saa katika karakana za jeshi. Sharti hilo lilidumu hadi 1949.

Wakati huo huo, Frank Gilbreth, aliyeanza maisha akiwa mwashi wa matofali, na mkewe Lillian, mwanasaikolojia, waliona mwanya. Kasoro ya saa, walidai, ni kwamba hushikwa na mkono wa mtu, na mtu huyo huegemea upande. Mwaka 1912, katika kiwanda cha New England Butt mjini Providence, wakaleta kamera ya sinema. Ndani ya picha waliweka saa yenye mshale wa kasi iliyogawa dakika katika sehemu ndogo mno, nyuma ya mfanyakazi wakatandaza ukuta uliochorwa miraba, kisha wakamrekodi akiunganisha vipuri. Baadaye waliwafunga wafanyakazi taa ndogo vidoleni na kuiacha lenzi wazi, hata mkono ukachora njia yake yote kwa mwanga. Picha hizo zinavutia mpaka leo, na pengine ndiyo sababu watu husahau zilikusudiwa nini.

Hoja ya akina Gilbreth ilikuwa kwamba kamera haina upendeleo: haichoki, haimwonei mtu, haimpendelei mtu. Hoja hiyo ingali hai, na huisikia kila mara wizara au kampuni inapotangaza mtambo mpya wa kidijitali. Lakini wasubu wa Watertown hawakulalamika kwamba saa ilikosea. Huenda ilikuwa sahihi kabisa. Waliuliza jambo jingine: namba ikishapatikana itakuwa mali ya nani, na ni nani atakayesema kwamba kazi ya dakika ishirini na nne sasa ifanywe kwa kumi na sita? Kamera ilikuja na jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa siasa ya kipimo. Mkulima wa viazi au vitunguu anaijua lumbesa: gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu, likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Miaka nenda miaka rudi viongozi wa Tanzania wamepiga marufuku lumbesa, na Wakala wa Vipimo umepita sokoni na mizani. Ugomvi huo una heri moja, nayo ni kwamba kipimo chake kinaonekana. Kilemba kipo juu ya gunia, mizani ina stika ya ukaguzi, na mbishi anaweza kusema tupime tena. Kamera inayopima ina kikomo chake pia, ila kikomo hicho kimeandikwa ndani ya programu, nacho hakina kilemba cha kunyooshea kidole.

Kikomo hicho kilikuwapo tangu picha ya kwanza kabisa. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake waliweka mbele ya mtambo wa kusomea picha ya mtoto wake mchanga, Walden, karatasi ya sentimita tano kwa tano, na kompyuta iliyoitwa SEAC ikaigawa katika miraba 176 kwa 176. Jambo hilo lilifanyika katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, ofisi inayotunza kilo na mita za nchi hiyo, na kwangu hilo lina maana: picha ya kwanza ya dijitali ilizaliwa kwenye nyumba ya vipimo. Kompyuta ile haikuweza kutunza rangi ya kijivu. Kila mraba ulikuwa ama mweusi ama mweupe, kwa hiyo ilibidi mtu aamue: mwanga ukifika kiasi gani, tuuite mweupe? Kirsch aliisoma picha ile ile mara kadhaa, kila mara kwa kikomo tofauti, kisha akaziweka pamoja ili vivuli vya uso vionekane. Uso wa mtoto ulibadilika kadiri kikomo kilivyobadilika. Yaliyofuata katika fani hii, pamoja na hesabu zake zote nzito, yamejengwa juu ya uamuzi wa namna hiyo.

Wataalamu wa kompyuta waliofuata hawakuupa uzito unaostahili. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT, Seymour Papert aliandika waraka mfupi akipendekeza wanafunzi watumie likizo ya kiangazi kuunda sehemu kubwa ya mfumo wa kuona kwa mashine. Likizo moja! Waraka huo umekuwa kichekesho cha fani, nao unastahili, kwa kuwa miongo iliyofuata ilionyesha kwamba kutofautisha kikombe na kivuli chake ni kazi ngumu kuliko kucheza chesi.

Hapo ndipo chombo cha Boyle na Smith kilipoingia. Wao hawakuwa wakitafuta kamera. Wakubwa wao walitaka aina mpya ya kumbukumbu ya kompyuta. Chombo chao, kilichopata jina la CCD, hufanya kazi kama watu waliopanga mstari kutoka kisimani hadi nyumbani wakipokezana ndoo. Mwanga ukigonga kipande cha silikoni hutoa elektroni. Elektroni hizo hujikusanya katika vishimo vidogo, kila kishimo kikiwa pikseli moja. Kisha huhamishwa kutoka kishimo hadi kishimo mpaka mwisho wa mstari, ambako huhesabiwa. Aliyeona kwamba ndoo hizo zingeweza kubeba picha, na aliyekuwa na hataza ya matumizi hayo, alikuwa mwenzao Michael Tompsett, ambaye Nobel ya 2009 ilimpita. Miaka minane baadaye alishirikishwa katika Tuzo ya Uhandisi ya Malkia Elizabeth. Ugomvi wa nani alivumbua nini tuwaachie wenyewe. Kwa kiwanda, lililokuwa muhimu ni kwamba sasa mwanga unageuka kuwa hesabu ya elektroni, na hesabu inaweza kulinganishwa na kikomo.

Ila viwanda havikusubiri CCD. Mwaka 1973 watafiti wa Hitachi nchini Japani walikamilisha mashine iliyotumia kamera za aina ya televisheni kuunganisha transista bila mkono wa mtu. Ili kuthamini walichofanya, ni lazima kujua kazi hiyo ilifanywa vipi kabla yao. Transista ni kipande cha silikoni kidogo kama punje ya mchanga. Nyaya nyembamba kuliko unywele huunganishwa kutoka kipande hicho hadi miguu ya chuma. Aliyeziunganisha alikuwa msichana aliyeinamia hadubini tangu asubuhi hadi jioni, mkono mmoja ukisogeza kifaa na jicho likitafuta mahali pa kugusa. Viwanda vya Japani na Marekani vilikuwa na maelfu ya wasichana wa namna hiyo. Mashine ya Hitachi ilitafuta kwenye picha mchoro mdogo iliokwisha kufundishwa, ikapima umekaa wapi, kisha ikapeleka sindano mahali hapo.

Kampuni za Marekani zilipitia njia nyingine kwanza. Badala ya kuliondoa jicho la msichana, zilitafuta jicho la bei nafuu. Mwaka 1972 Malaysia ilifungua eneo huru la viwanda la Bayan Lepas katika kisiwa cha Penang, na Intel ikajenga huko kiwanda chake cha kwanza nje ya Marekani. Wengine wakafuata, Penang na huko Sungai Way karibu na Kuala Lumpur. Wasichana wa Kimalay waliotoka vijijini, wengi wao wakiwa hawajawahi kufanya kazi ya mshahara, wakaketishwa mbele ya hadubini. Baada ya miaka michache wengi walilalamika macho: maumivu ya kichwa, machozi, kuona ukungu. Aliyeshindwa kuona alirudi kijijini, na kwa kampuni lilikuwa jambo dogo, maana mwingine alikuwa akisubiri langoni.

Aihwa Ong, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Penang, ameandika juu ya kilichotokea humo ndani, na naona maandishi yake ni sehemu ya historia ya kamera ya kiwandani ingawa kamera hazitajwi. Mapepo yalianza kuwapanda wafanyakazi. Mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini akapiga mayowe kwamba ameona kitu, na kabla msimamizi hajafika wenzake nao walikuwa wakilia. Mwaka 1978, katika kiwanda kimoja cha Kimarekani cha Sungai Way, wanawake wapatao 120 wa sehemu ya hadubini walipandwa kwa pamoja. Kiwanda kilifungwa siku tatu, mganga akaitwa, mbuzi akachinjwa katika eneo la kiwanda. Mkurugenzi, Mmarekani, alibaki akijiuliza atawaelezaje wakubwa wake kwamba saa 8,000 za uzalishaji zimepotea kwa sababu mtu ameona jini.

Sisi tulio na shule za bweni za wasichana ambazo hufungwa kwa sababu hiyo hiyo hatuna haja ya kucheka. Ong alieleza, kwa ushahidi wa muda mrefu, kwamba wanawake hao hawakuwa na chama cha wafanyakazi kilichoruhusiwa kusema, wala lugha ambayo msimamizi angeikubali. Wasubu wa Watertown walikuwa na mgomo na bunge. Wanawake wa Sungai Way walikuwa na pepo. Uongozi ulijibu kwa dawa za kutuliza na kwa kuwaachisha kazi waliopandwa zaidi ya mara moja au mbili. Jibu la kudumu lilikuja kwa njia nyingine: kufikia miaka ya 1980 mashine zenye kamera zilisambaa katika viwanda vya chipu, na mwendeshaji mmoja akasimamia mashine kadhaa mahali palipokuwa na safu za wasichana. Jicho la mashine halichoki wala halioni majini. Sidai kwamba kazi ile ya hadubini ilifaa kuhifadhiwa. Ilikuwa kazi ya kuharibu macho ya watu, na aliyeiondoa hakukosea. Ninalosema ni kwamba ilipoondolewa, ujuzi wa kutambua kilicho kizuri na kibovu uliondoka pamoja na wale waliokuwa nao, ukahamia katika namba zilizoandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuketi pale.

Marekani yenyewe iliamka katika miaka hiyo hiyo. Katika kiwanda cha kusubu cha General Motors kilichopo St. Catharines, Kanada, mfumo ulioitwa CONSIGHT uliziwezesha roboti kuokota vipande vya chuma kutoka kwenye mkanda, hadi vipande 1,400 kwa saa. Ujanja wake ulikuwa katika taa. Mistari miwili ya mwanga ilimulikwa kutoka pande mbili ikakutana juu ya mkanda. Kipande kilipopita, mwanga ulihama, na kwa kuhama kwake kompyuta ikajua umbo. Mwaka 1981 Robert Shillman, mhadhiri wa MIT, aliacha ualimu akachukua akiba yake ya dola 100,000 na kuanzisha kampuni ya Cognex akiwa na wanafunzi wawili, Marilyn Matz na Bill Silver. Mteja wao wa kwanza alitengeneza taipureta na alitaka kuhakikisha kila kitufe kimekaa mahali pake. Mwaka 1984 General Motors ilinunua hisa katika kampuni kadhaa changa za fani hii, fedha zikamiminika, na kabla ya muongo kwisha kampuni nyingi zilikuwa zimekufa. Zilikuwa zimeahidi jicho. Zilichoweza kutoa ni kipimo. Cognex ilipona kwa sababu iliuza kipimo.

Tofauti hiyo inafaa kufafanuliwa kwa mfano. Kamera ya kawaida ya kiwandani siku hizi huwa na chipu yenye pikseli 2,448 kwa 2,048. Lenzi ikipangwa ili picha ichukue upana wa milimita 100, kila pikseli hubeba takribani milimita 0.04. Kizibo kikipita juu ya taa inayomulika kutoka chini, huonekana kama kivuli cheusi chenye ukingo mkali, na kwa kuangalia jinsi weusi unavyopungua kuelekea weupe, programu inaweza kukisia ukingo upo wapi ndani ya pikseli yenyewe. Fundi mzuri wa kazi hii hutumia muda mwingi zaidi kupanga taa kuliko kuchagua kamera. Aghalabu kamera yake haina rangi, maana rangi hugharimu mwanga na usahihi. Tena pikseli zake zote hufunguka na kufunga kwa wakati mmoja. Zile zinazosoma mstari baada ya mstari, kama nyingi za kwenye simu, hukipinda kitu kinachokimbia, na kilichopindwa hakipimiki. Chipu za aina ya CMOS, zilizokuzwa na Eric Fossum na wenzake kuanzia miaka ya 1990 kwa ajili ya vyombo vya anga, hatimaye ziliweza kufanya hivyo kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Sony, msambazaji mkubwa wa viwanda, ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza CCD.

Sasa kizibo kimepimwa. Je, kipite au kitupwe? Kikomo kikikazwa, vizibo vizima vingi vitatupwa. Kikilegezwa, vibovu vitapita. Hakuna kamera, hata iwe ghali kiasi gani, inayoliondoa swali hilo. Kamera bora hupunguza tu idadi ya vizibo vinavyobishaniwa. Jibu hutegemea gharama ya kila kosa, na zaidi hutegemea kosa lipi litamwangukia nani. Mwenye kiwanda cha dawa na mwenye kiwanda cha peremende hawawezi kuwa na kikomo kimoja. Katika mashine za kuchambua kahawa kwa rangi, ambazo hudondosha punje mbele ya kamera na kupuliza hewa kuiondoa iliyo na doa, kugusa kitufe kimoja kunabadilisha kiasi kinachoingia katika daraja la juu, na kwa hiyo bei ya mzigo wa mkulima. Wanawake waliokuwa wakichambua punje mezani kwa mkono walikosea mara kwa mara. Lakini mkulima aliyebishana nao aliweza kuokota punje na kuuliza, hii ina nini?

Katika miliki yote ya kamera za kiwandani, ninalolipenda zaidi ni tukio la Japani la 1994, kwa sababu humo malalamiko ya wafanyakazi yalisikilizwa. Katika kampuni ya Denso, inayotengeneza vipuri vya magari ya Toyota, wafanyakazi walichoka kusoma misimbo ya mistari. Kila msimbo ulibeba herufi ishirini hivi, na sanduku moja lilihitaji misimbo hata kumi. Mtu alisoma mamia kwa siku. Masahiro Hara alipewa kazi hiyo akabuni msimbo wa miraba ambao leo tunauita QR. Ili kamera iupate haraka, aliuwekea pembeni miraba mitatu, na uwiano wa weusi na weupe katika miraba hiyo, 1:1:3:1:1, waliuchagua baada ya kupekua magazeti, vipeperushi na maboksi wakitafuta uwiano usioonekana kwa urahisi mahali pengine. Kampuni iliamua kutotoza watu kwa matumizi yake. Kwa uamuzi huo alama iliyobuniwa kwa ajili ya maboksi ya vipuri iko leo kwenye risiti ya mashine ya EFD ya Dar es Salaam na kwenye kibanda cha muuza matunda Nairobi.

Na kwa njia hiyo kamera ya kiwandani imeingia katika siasa zetu kupitia mlango wa kodi. Kenya ilianzisha mfumo wa stempu za ushuru za kielektroniki mwaka 2013 kwa sigara na pombe kali, na Novemba 2019 ukapanuliwa hadi maji ya chupa, soda na juisi. Tanzania nayo ilianza na stempu zake mwaka 2019. Nchi zote mbili zilichagua kampuni moja ya Uswisi, SICPA, inayojulikana duniani kwa wino wa noti. Kwenye mkanda wa kufungashia, kifaa husoma alama ya kila chupa na hesabu huenda moja kwa moja kwa mamlaka ya mapato. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya ofisa wa ushuru, aliyekwenda kiwandani na daftari, na ambaye, tuseme ukweli, mara nyingine alipewa chakula kizuri mchana.

Hapa sura ya mambo imegeuka, na wanaharakati wenzangu hawapendi nikisema hivi: safari hii anayepimwa si mfanyakazi bali mwenye kiwanda, na hilo mimi naliunga mkono. Kwa muda mrefu mzalishaji alijitangazia mwenyewe chupa ngapi amefunga, na mwalimu alikatwa kodi kabla hajauona mshahara. Lakini swali la Watertown halijaondoka kwa kuwa aliye mbele ya kamera sasa ni tajiri. Nchini Kenya Okiya Omtatah alipeleka upanuzi wa mfumo huo mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2018, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mabishano yalihusu ushirikishwaji wa wananchi na namna mkataba ulivyopatikana, nayo ni mambo mazito. Ningetamani watumishi wa umma wanaosoma hapa waongeze maswali ya kiufundi katika mikataba ijayo. Kifaa kikiisoma chupa moja mara mbili, nani anagundua? Kikiruka moja kwa kila elfu, hasara ni ya nani? Ni afisa gani wa serikali, si wa mkandarasi, anayejua kukihakiki?

Maswali hayo si ya ndoto. Wanunuzi wa kamera huko Ulaya walikwisha kuyauliza kwa niaba yao wenyewe. Walichoshwa na wauzaji ambao kila mmoja alieleza ubora wa kamera yake kwa namna iliyompendeza, na mwaka 2005 shirikisho la fani hiyo likatoa kiwango kiitwacho EMVA 1288, kinachoeleza jinsi ya kupima kamera yenyewe: kati ya fotoni zilizoingia ni ngapi zilizogeuka elektroni, na kelele ya chipu ni kiasi gani gizani. Kiwango hicho hutolewa bure. Kimewalinda wanaonunua kamera dhidi ya wanaoziuza. Anayepimwa na kamera hakuwa mezani kilipoandikwa.

Tangu 2012, mitandao ya neva ya kompyuta ilipoanza kushinda mashindano ya kutambua picha, hata kikomo chenyewe kimebadilika. Katika mashine nyingi mpya hakuna tena mtu anayeandika kwamba kipenyo kisizidi kiasi fulani. Mashine huonyeshwa maelfu ya picha zilizotiwa alama, hiki kizuri, hiki kibovu, kisha hujitungia kikomo ambacho hata mtengenezaji wake hawezi kukisoma. Lakini alama zile lazima atie mtu. Kazi hiyo ya kuchora mipaka kuzunguka magari, nyufa na watu waendao kwa miguu imeenda mahali ambako jicho ni la bei nafuu, kama Penang ya 1972, na mojawapo ya mahali hapo ni Nairobi. Vijana wenye shahada huketi mbele ya skrini, wakivuta mistari juu ya picha za barabara ambazo hawajawahi kuzipita, na programu wanayoitumia inaandika ni sekunde ngapi kila mmoja ametumia kwa kila picha.